Daktari wa Sura ya Saba

Alhamisi ya pili ya mwezi wa Mei, saa sita na robo mchana, Hallbera Ketilsdóttir alikuwa amepiga magoti jikoni kwake akimnywesha maziwa ya chupa mwanakondoo aliyefiwa na mama. Viazi vilikuwa vinachemka. Redio ilikuwa inasoma hali ya hewa ya pwani ya kaskazini, kituo kwa kituo, na nje upepo ulikuwa ukizipiga shuka alizoanika asubuhi. Mlango ukagongwa. Hilo lenyewe lilikuwa geni, kwa sababu watu wa Torfuvík hawabishi hodi. Hufungua, huvua viatu, huuliza kama kahawa ingali ya moto.

"Pita," alisema Hallbera bila kuinuka.

Aliyeingia alikuwa mwanamume mrefu wa miaka thelathini na minane, mwenye kidevu kama ukingo wa jabali, koti refu jeusi na mkoba wa ngozi. Mabegani alikuwa na theluji, ingawa jua lilikuwa linawaka. Nywele zake zilipepea kidogo, na mlango alikuwa ameshaufunga.

"Mimi ni Daktari Hrafn," alisema.

"Naona. Futa miguu, baba. Na hiyo theluji kaipangusie nje."

Alitoka, akajipangusa, akarudi. Theluji ilikuwa palepale. Hallbera aliitazama, akaona haianguki wala haiyeyuki, akaiacha.

Hakuwa na haja ya kumuuliza ni Hrafn yupi. Daktari Hrafn alikuwa mhusika mkuu wa riwaya ambayo kila nyumba ya bonde lile ilikuwa nayo, aghalabu mbili, moja ya kusoma na moja iliyotolewa zawadi ya Krismasi na mtu asiyejua kwamba ya kwanza ipo. Redio ya taifa ilikuwa imeisoma nzima mara mbili. Shuleni, kila Februari, watoto waliandika insha ileile: ni nini kinachomfanya Daktari Hrafn awe shujaa? Mwalimu alikubali majibu manne, yaani ujasiri, upweke, shaka, na kidonda cha moyo. Mwaka mmoja binti mmoja aliandika "urefu", akapewa nusu alama.

Namna alivyofika haikuwa na utata. Wilaya ilikuwa imejenga zahanati mpya, na Eyvindur wa Melur, mwenyekiti wa halmashauri, alikuwa ameamua ipewe jina la Daktari Hrafn. Sherehe ilipangwa Jumamosi. Fomu ya mialiko ilikuwa na mstari wa mgeni wa heshima, na Eyvindur, ambaye hakupenda mstari ubaki mtupu, aliandika: Daktari Hrafn, Kaldaheiði. Oddný, aliyeuza katika duka la ushirika na kuendesha posta nyuma ya kaunta ya vitambaa, aliona barua ina stempu, akaigonga muhuri, akaitia kwenye mfuko. Basi la Alhamisi lilipopita juu ya nyanda za Kaldaheiði, mtu alikuwa amesimama kando ya barabara na mwaliko mkononi. Dereva akamchukua. Hoteli isingefunguliwa mpaka Juni, na chumba cha wageni cha karibu kilikuwa cha Hallbera.

Alimkaribisha mezani. Samaki wa kuchemsha, viazi, siagi. Daktari aliushika uma kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba asiyoijua.

"Huli?"

"Sijawahi. Katika kurasa mia tatu na kumi na mbili nimekunywa kahawa nyeusi mara nane na brandi mara moja. Chakula hakikuandikwa."

"Masikini. Na choo je?"

Daktari aliugeuza uso wake kuelekea milima, akanyamaza kwa muda wa aya moja.

"Haya, tuyaache hayo," alisema Hallbera. "Una mke?"

"Nilikuwa na mchumba. Alifariki."

"Pole sana, baba. Aliitwa nani?"

Daktari alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, na kidevu chake kikashuka kidogo. "Haikusemwa," alijibu, na Hallbera akamuonea huruma ya kweli, akammiminia kahawa.

Jioni ile ile Oddný alikuja na mkate wa shayiri kwapani, kisingizio chake cha kila siku. Alimkuta Daktari sebuleni amesimama dirishani, mkono mmoja juu ya fremu. Akarudi jikoni akinyata.

"Shoga, huyo mwizi wako kaja na begi kabisa!"

"Si mwizi," alisema Hallbera. "Yeye ndiye mali iliyoibwa."

Oddný alikuwa mtu pekee aliyekuwa akizungumza habari hizo, na alizizungumza kwa hasira ambayo Hallbera mwenyewe alikuwa hana tena. Habari zenyewe zilikuwa hivi. Miaka arobaini na mitatu nyuma, mwezi wa Februari, mwanamke mmoja wa Melur alishikwa na uchungu mtoto akiwa ametanguliza makalio. Daktari wa serikali alikuwa ghuba ya pili, na alikuwa na mafua. Hallbera, aliyekuwa na miaka ishirini na saba na ndiyo kwanza amepewa ukunga wa wilaya, au umama wa nuru kama wanavyouita kule, aliivuka Kaldaheiði kwa miguu ndani ya dhoruba, kwa muda wa saa kumi na moja, ameshika mkia wa farasi aliyekuwa anajua njia kuliko yeye. Alifika, akamgeuza mtoto, akamtoa, akakaa siku tatu, akarudi. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilibaki Melur. Mtoto aliitwa Eyvindur.

Miaka kadhaa baadaye alipanga kwake mwalimu mmoja, Runólfur, kijana mpole aliyependa kuandika na aliyemaliza sukari. Hallbera alimsimulia safari ile wakati wa kusokota sufu. Runólfur aliandika yote kwenye daftari. Kitabu kilipotoka, Hallbera alikisoma kwa mkao mmoja, akajikuta ukurasa wa mia na kumi na mbili, sura ya saba: *Mwanamke mwenye taa alifungua mlango, akasimama kando.* Alicheka. Halafu alikwenda zizini, akakaa na ng'ombe muda mrefu kuliko kazi iliyokuwapo.

Runólfur alipokuja likizo, Hallbera alimuuliza kwa nini.

"Hallbera, dada yangu, msomaji anataka mtu wa kumfuata," Runólfur alieleza, akikoroga kikombe. "Wewe ulikwenda, ukafanya, ukarudi. Hukuwa na shaka hata kidogo. Shujaa lazima awe na shaka."

"Nilikuwa na haraka."

"Tena shujaa lazima abadilike. Wewe ulibadilika nini?"

"Soksi," alisema Hallbera.

Runólfur alicheka mpaka akafuta machozi, akaomba ruhusa ya kuyaandika hayo pia. Sasa alikuwa amelala makaburini mwaka wa sita, na Hallbera ndiye aliyempalilia.

Usiku ule, kabla ya kupanda kulala, Hallbera aliufungua mkoba wa Daktari. Miaka arobaini na moja ya kazi ilimzuia kulala na mkoba wa mwenzake ukiwa haujulikani hali yake. Ndani kulikuwa na vitu vinavyometameta. Havikuwa mikasi, havikuwa koleo, wala kitu chochote ambacho kiwanda kimewahi kutengeneza. Kitabuni viliandikwa tu "vifaa vyake", na mbali na kumetameta havikuwa na kazi. Akaufunga. Kisha akatoa wake chini ya ngazi, akakagua uzi, sabuni na mikasi, akauweka karibu na mlango.

Ijumaa theluji ilianguka. Huanguka mara moja kila Mei, kondoo wakishazaa, kana kwamba ilisahau kitu. Kufikia saa tatu asubuhi barabara ya Kaldaheiði ilikuwa imefungwa na nguzo mbili za umeme zimelala. Saa tatu na nusu simu ya Hallbera ililia mlio wake, mrefu mmoja na mifupi miwili. Laini ilikuwa moja kwa nyumba kumi na nne, kwa hiyo vyombo kumi na vinne viliinuliwa.

"Mama Hallbera! Eyvindur hapa! Nipe Daktari!"

"Kuna nini, mwanangu?"

"Sólrún! Uchungu umemshika, wiki mbili kabla, na barabara imekufa. Nipe Daktari, tafadhali!"

Sólrún alikuwa binti wa pekee wa Eyvindur, na yule mtoto angekuwa mjukuu wake wa kwanza. Sauti ya mwenyekiti ilikuwa imepanda mpaka ikawa ya kijana anayebalehe.

"Maji yametoka? Rangi gani?"

"Mama, sijui mambo ya rangi! Mwambie Daktari ndiyo kazi yake, yeye ndiye aliyenileta mimi duniani!"

Kwenye laini mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha Oddný.

Eyvindur hakuwa mwongo. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitano, baba yake hakuwa mzungumzaji, na alichokijua juu ya kuzaliwa kwake alikisoma kitabuni kama wengine. Alijiita mtoto wa sura ya saba, hata kwenye kampeni.

"Tunakuja," alisema Hallbera.

Alipogeuka, Daktari alikuwa ameshasimama mlangoni, koti limefungwa vifungo, uso umeelekea kwenye dhoruba. Lazima isemwe alipendeza.

Gari la Kirusi la Hallbera liliwafikisha mahali uzio wa wilaya unapokatiza barabara. Baada ya hapo ilikuwa kilomita tano kwa miguu. Hallbera, mwenye miaka sabini, alitangulia na fimbo zake mbili za kutelezea kwenye theluji. Daktari alifuata, akichechemea kwa uzuri mguu wa kushoto, wenye vidole vyake vyote vitano. Upepo ulimpenda. Ulilipeperusha koti lake upande unaofaa, na theluji ilimpisha usoni ili kidevu kionekane. Lakini kila hatua mia alikunja kulia.

"Huku," alisema Hallbera.

"Hapa ndipo ninapopotea. Kurasa tatu."

"Leo hupotei. Hatuna muda."

Akamshika mkono wa koti. Walikwenda hivyo nusu saa. Karibu na kilima cha mawe Daktari alisimama kabisa.

"Mama, hapa ninaingiwa na shaka. Najiuliza mimi ni nani, na kama mtu mmoja anaweza kusimama mbele ya maumbile."

"Sawa. Ukimaliza, unikute kule chini. Usikae sana, utaganda."

Alimaliza mapema kuliko ilivyoandikwa, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumtazama, akaja mbio akishuka mteremko. Alipomfikia alimuuliza, akihema, swali ambalo huenda lilikuwa limemkaa tangu viazi vya jana.

"Ulikuwa unakwenda wapi? Katika kitabu. Ukishafungua mlango, ukasimama kando, mimi naingia, na wewe unakwisha. Sijawahi kujua unakwenda wapi."

"Sikuisha, baba. Nilikwenda kuchemsha maji."

Walitembea kidogo.

"Na wewe?" aliuliza Hallbera. "Hebu niambie, maana watoto wanaulizwa kila mwaka. Ulifanya nini hasa hata ukawa shujaa?"

Daktari alijibu kwa unyofu. "Nilifuatwa. Nikitoka chumbani, maneno yanatoka na mimi. Nikilala, yanangoja niamke. Sikumbuki kufanya jambo lingine."

Melur waliwapokea uani. Eyvindur alimkumbatia Daktari, mkwewe akampokea koti, mtumishi wa shambani akampokea mkoba. Hallbera alijivua mwenyewe, akapita katikati yao mpaka chumbani, akanawa mikono hadi viwikoni. Sólrún alikuwa amelala ubavu, nywele zimelowa, anauma kona ya mto.

"Bibi," alisema, "nakufa."

"Wote husema hivyo. Mama wa baba yako alisema mara mbili. Hebu nikuone."

Umeme ulikuwa haupo na madirisha yalikuwa yamezibwa na theluji. Daktari aliingia, akasimama kwenye dirisha lililozibwa, akauweka mkono mmoja juu ya fremu, akasema ile sentensi ambayo watoto wa bonde zima waliijua kwa moyo: "Leo kifo hakitavuka kizingiti hiki." Sebuleni Eyvindur aliangua kilio. Mkwewe, aliyekuwa anatetemeka tangu asubuhi, aliacha kutetemeka. Hata Sólrún alipumua vizuri zaidi, na Hallbera, ambaye hakuwa mtu wa kunyima mwingine haki yake, aliona kwamba imesaidia.

"Vizuri sana," alimwambia. "Sasa shika taa. Hapa. Juu kidogo. Usiitikise."

Alishika taa. Aliishika kwa muda wa saa nne na dakika kumi. Aliona mambo ambayo hakuna aliyewahi kumwonyesha, kwa sababu katika kitabu mlango ulifungwa, upepo ukavuma mistari sita, kisha palisikika kilio cha mtoto. Hakujua kwamba kati ya upepo na kilio mna kazi. Aliona mikono ya Hallbera ikipapasa, ikingoja, ikipapasa tena. Alisikia akisema, "Sasa usisukume, mwanangu, nimekwambia usisukume, pumua kama mbwa wakati wa jua." Aliona kichwa kinatoka, na kitovu kimezunguka shingo mara mbili, na kidole kimoja cha mwanamke wa miaka sabini kikipita chini yake, kikikilegeza, kikikivusha, mara ya kwanza, mara ya pili. Mtoto alitoka wa buluu na kimya. Hallbera alimgeuza, akamsugua mgongo kwa taulo, akampulizia. Akampulizia tena. Jasho lilimtoka Hallbera, likamfikia ncha ya pua, likadondoka.

Mtoto akalia.

"Msichana," alisema Hallbera. "Ana hasira. Mzuri."

Daktari aliketi sakafuni na taa yake mkononi. "Kwa hiyo hiki ndicho kilichokuwemo," alisema, kama anayejisemea. Uso wake ulikuwa mweupe na kidevu kimelegea, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu ambaye ungeweza kumwazima jembe. Halafu tumbo lake likanguruma. Walimpa chapati za maziwa za jamu. Akala kumi na moja, akauliza kama zipo nyingine.

Saa kumi jioni laini ya simu ilipata uzima, na nyumba kumi na nne zikapewa habari na Eyvindur mwenyewe. Alisema Daktari Hrafn ameivuka Kaldaheiði kwa mara ya pili.

Sherehe iliahirishwa mpaka Jumapili. Theluji ilikuwa imeyeyuka, mito imejaa, na watu walikuja na matrekta. Kwaya iliimba beti zote. Kibao kilifunikwa kwa bendera. Hallbera alikuwa kwenye meza ya keki nyuma ya ukumbi na birika kubwa la kahawa, kwa kuwa chama cha akina mama kilikuwa kimempangia zamu hiyo tangu Machi.

Eyvindur alihutubia dakika ishirini, akataja ujasiri, upweke, shaka na kidonda cha moyo, kwa mpangilio uleule wa shuleni. Kisha akamkaribisha mgeni wa heshima.

Daktari Hrafn alipanda jukwaani. Ukumbi ulikuwa hauna upepo, na nywele zake zikapepea.

"Mabibi na mabwana," alisema. "Ile Februari mimi sikuwepo. Nilikuwa bado sijatungwa. Aliyeivuka Kaldaheiði, akamtoa mwenyekiti wenu tumboni mwa mama yake, ni Hallbera Ketilsdóttir, yule pale mwenye birika. Na mtoto wa juzi pia ni yeye. Mimi nilivutwa mkono njia nzima, nikashika taa, nikala chapati. Zahanati hii ina jina ambalo si langu kulitoa. Naomba mbadilishe kibao."

Watu walimgeukia Hallbera. Kwa muda wa pumzi tatu, watu mia na ishirini waliokuwa wanamfahamu tangu wazaliwe, na ambao zaidi ya nusu yao aliwapokea kwa mikono yake, walimtazama mwanamke mwenye aproni ya maua. Hallbera aliliweka birika chini. Hakuwa amejua kwamba jambo hilo, kutambuliwa, bado analitaka. Alidhani lilikuwa limeshapita, kama hamu ya kucheza dansi.

Kisha mzee mmoja wa mstari wa mbele alianza kupiga makofi. Akafuata wa pili. Ukumbi mzima ukasimama.

"Mmesikia?" alipaza sauti Eyvindur, machozi yakimtiririka. "Mmesikia unyenyekevu huo? Mtu kafanya yote yale, anasimama mbele yetu, anampa sifa mkunga! Ndugu zangu, shujaa ni huyu!"

"Anasema kweli, nyie mabwege!" alipiga kelele Oddný kutoka upande wa kutundikia makoti. "Anasema kweli tupu!"

"Anasema kweli!" waliitikia watu, wakampigia makofi Oddný pia.

Daktari alijaribu tena. Aliinua mikono miwili, akasema hapana, hapana, sivyo, na kila alivyokataa ndivyo walivyompenda. Dakika nne. Bendera iliondolewa, kibao kikaonekana, kwaya ikarudia ubeti wa mwisho.

Sólrún alifika kwenye meza ya keki na mtoto ndani ya blanketi.

"Tumempa jina Hrafnhildur," alisema, haangalii juu. "Nilitaka aitwe Hallbera, bibi. Baba alishasema redioni."

"Hrafnhildur jina zuri. Lina nguvu. Mpe titi, anatafuta."

"Nilikuona," alisema Sólrún kwa sauti ndogo. "Nilikuwa naangalia mikono yako muda wote. Lakini jana watu walipokuja kunihoji, nikaanza kusimulia, kila nikisimulia namwona yeye. Yeye na ile taa. Nafumba macho nikutafute, namwona yeye." Akaanza kulia. "Sijui kwa nini, bibi."

"Basi, basi. Ndiye aliyekuwa na mwanga," alisema Hallbera, akamkatia kipande cha keki ya mabua machachu ya rububu, kikubwa, wa kunyonyesha anahitaji.

Daktari Hrafn hakuondoka na basi la Alhamisi lililofuata, wala lile la baadaye. Hakuna aliyemuuliza. Halmashauri ilimwandika kwenye rejista ya wakazi, umri thelathini na minane, mwaka wa kuzaliwa ukaachwa. Alijifunza kukamua, kufua, kukata viazi. Theluji ya mabegani iliendelea kumkaa wakati wote wa kukata majani ya kondoo mwezi wa Julai, na wenzake waliiona ya manufaa. Waliweka chupa za maziwa hapo. Oddný alimnunia mpaka Agosti. Halafu alimfundisha kucheza karata, akagundua kwamba hajui kuficha kitu usoni, akampenda kwa sababu hiyo.

Vuli ile riwaya ilichapishwa upya. Mwandishi alikuwa amekufa miaka sita, lakini sura ya saba ilikuwa imeongezeka ukurasa na nusu: Daktari anasimama mbele ya umati, anakana sifa zake zote, anamnyooshea kidole mwanamke mwenye taa. Wahakiki wa mji mkuu walisema kwamba huo ndio ukurasa unaomkamilisha kama shujaa. Hallbera aliisoma kwenye meza ya jikoni, miwani puani. Mstari wake aliukuta. Ulikuwa umehamia ukurasa wa mia na kumi na tatu, na umerekebishwa: *Mwanamke mzee mwenye taa alifungua mlango, akasimama kando.*

"Mzee?" alisema. "Nilikuwa na miaka ishirini na saba."

"Samahani, mama," alisema Daktari, aliyekuwa anamenya rutabaga, mizizi minene kama figili.

"Wewe umekosa nini? Menya."

Zahanati ilikuwa na kibao, vitanda viwili na mizani. Daktari wa kukaa humo serikali haikumpeleka, kwa kuwa makaratasi ya wizara yalionyesha kwamba Torfuvík wanaye. Basi watu wakiumwa walipiga simu nyumbani kwa Hallbera.

Asubuhi moja ya Oktoba simu ililia. Alikuwa mke wa mzee wa shamba la Gil. Mumewe alikuwa ameanguka kutoka kwenye dari la kuwekea majani makavu na mguu umekaa vibaya.

"Daktari Hrafn yupo?"

"Yupo."

"Ahsante Mungu. Mwambie afanye haraka!"

"Anavaa koti," alisema Hallbera. Na kweli alikuwa anavaa. Yeye mwenyewe alikuwa ameshavaa lake, na mbao mbili za kufungia mguu alikuwa nazo kwapani.

Mvua ilikuwa nyembamba na barabara mbovu. Walikwenda kimya mpaka daraja la pili.

"Leo wakinishukuru," alisema Daktari, "nitawaambia tena ukweli. Nimeupanga vizuri zaidi."

"We baba, usithubutu," alisema Hallbera, akibadilisha gia. "Mara ya mwisho ulipousema walipiga makofi dakika nne. Mtu ana mguu umevunjika. Wewe shika tu ninapokwambia ushike."

Lango la Gil lilikuwa mbele yao, limefungwa kwa kamba. Daktari alishuka, akaifungua kwa shida, akalishikilia lango wazi dhidi ya upepo. Gari likapita bila kusimama. Yeye akalifunga, akakaza kamba, akaanza kulikimbilia gari.